Uliza Fundi: Matairi ya Tela la Kambi

SWALI: Shikamoo fundi. Nina tela dogo la ekseli moja, navuta na Land Cruiser kupeleka mahema, jiko na maji ya wageni Ziwa Natron. Tairi moja lilipasuka kabla ya kufika Engaruka. Muuzaji ananipa mawili ya gari dogo, 185/70 R14 88T. Kashata (meno ya tairi) zimejaa, bei nzuri, na rimu zinayakubali. Nichukue?
Msomaji, Sakina, Arusha

JIBU: Marahaba. Usichukue. Tairi kuingia kwenye rimu ni jambo moja, kubeba mzigo wako ni jingine. Hiyo 88 ndiyo namba ya uwezo, siyo kilo zenyewe; kwenye jedwali la matairi maana yake kilo 560 kwa tairi moja. Mawili yanafika 1,120, na hapo ndipo watu huridhika mapema. Upande wenye tangi la maji na mtungi wa gesi hulemewa kuliko mwenzake, na kila shimo linaongeza kishindo. Kanuni za Marekani zinamtaka mtengenezaji anayefunga tairi la gari dogo kwenye tela agawe uwezo wake kwa 1.1, hizo 560 zinabaki kama 509.

Basi kwanza lipime tela, limepakiwa kama siku ya safari, maji yote ndani. Lita 100 ni kilo 100, na wengi huzisahau. Mwenye ghala la nafaka mwenye mizani ya magari atakusaidia.

Mimi ningetafuta 185 R14 C. Hiyo C ni ya magari ya mizigo, na ubavuni kwa kawaida utasoma 102/100. Namba ya kwanza ndiyo yako: kilo 850 kwa tairi likifungwa peke yake, siyo mawili mawili upande mmoja kama ya lori. Ila uwezo huo unaupata upepo ukiwa umejaa, psi 65. Ukijaza 35 kama gari dogo, ubavu unajikunja kila mzunguko, joto linapanda, nyuzi zinaachana na mpira, tairi linapasuka. Ukishusha upepo kwa ajili ya mawe ya kule Engaruka, punguza na mwendo, kisha jaza tena Mto wa Mbu kabla hujaikamata lami.

Hakikisha rimu zako zinastahimili upepo huo. Valvu mimi hufunga za chuma. Pia 185 R14 C ni refu kuliko 185/70 R14 kwa karibu sentimita 3.5, kwa hiyo angalia nafasi chini ya madigadi tela likiwa na mzigo, siyo likiwa tupu.

Sasa hizo kashata zilizojaa. Tafadhali zisikushawishi. Tela husimama juani miezi mizima, mpira ukazeeka huku kashata bado zipo. Tafuta herufi DOT ubavuni, fuata mpaka tarakimu nne za mwisho: 2317 ni wiki ya 23 ya mwaka 2017. Mara nyingine ziko upande mmoja tu, kwa hiyo mwambie muuzaji aligeuze. Kisha bonyeza ubavu kwa vidole gumba, karibu na rimu, uone kama kuna mipasuko midogo kama nywele. Likizidi miaka sita silifungi kwenye tela, awe nani anayeniomba.

Nunua matatu ya saizi moja, spea ikiwemo. Siku ya safari ya kwanza simama Makuyuni, kaza nati upya, halafu sogeza mkono karibu na habu, kulia na kushoto. Moja ikiwa na joto kali kuliko nyingine, fungua beringi kabla ya kuendelea, maana huenda ndiyo iliyokulia lile tairi la kwanza.