Re: Gego la chini limelika mfupa, ling'olewe au lipasuliwe?

Pole dada. Umeambiwa mfupa umelika hadi kwenye panda, pale mizizi ya gego inapoachana, na unauliza kama upasuaji wa kuotesha mfupa utaliokoa. Inategemea kina. Muulize daktari kile kifaa kilichopinda kama ndoano kiliingia milimita ngapi. Kikizidi 3 bila kutokeza upande wa pili, hilo ni daraja la pili, na kwa magego ya chini ndipo upasuaji huu hufaa zaidi. Ufizi unafunuliwa, ugaga unakwanguliwa kwenye mizizi, unga wa mfupa unajazwa, kisha unafunikwa kwa utando. Utando una kazi kubwa: ufizi huota haraka kuliko mfupa, usipozuiwa unawahi nafasi.

Kama kilitokeza ng'ambo, mimi nisingetoa hela yangu. Mfupa kujaa hapo ni nadra.

Ila usafishaji wa kina chini ya ufizi ulishafanyiwa? Huo ndio wa kwanza, halafu unapimwa tena baada ya miezi 2 au 3. Anayekimbilia kisu siku ya kwanza mkwepe. Na kama unavuta sigara au sukari iko juu, anza na hayo.