Bia ya nyumbani kwenye kegi: namna ya kumimina bila mashapo

Kegi ya lita 19 tunayoitumia wengi wetu tunaopika bia nyumbani huku Marekani haikuundwa kwa ajili ya bia. Ilikuwa ya soda, enzi ambazo migahawa iliipokea Pepsi na Coca-Cola ndani ya mitungi ya chuma. Soda haina kinachotuama, kwa hiyo mrija wa kutolea kinywaji ukashushwa hadi chini kabisa, kwenye kibonde kidogo cha kitako, lisibaki hata tone. Ukitia humo bia isiyochujwa, hamira inashuka taratibu na kukusanyika palepale mdomoni mwa mrija. Ndiyo maana glasi ya kwanza hutoka na tope.

Ukilielewa hilo, njia zinabaki mbili: uyazuie mashapo yasiingie kwenye kegi, au uache kunyonya bia kutoka chini.

Nianze na kuyazuia, maana hapo ndipo kazi kubwa ilipo. Usihamishe bia kwa sababu tu povu limetulia. Pima kwa haidromita, kifaa kinachoelea ndani ya bia na kuonyesha sukari iliyobaki, na namba ikibaki ileile kwa siku mbili tatu, ingiza chombo chote cha kuchachushia kwenye friji, kwenye nyuzi 0 hadi 2 za Selsiasi, kwa siku 2 au 3, na ukiweza zaidi basi zaidi. Baridi inaifanya hamira ishikane mabonge na kuzama. Angalia jambo moja: chombo kikipoa hewa ya ndani husinyaa, kikavuta hewa ya nje. Oksijeni ikiingia, bia inapoteza uhai wake na kuanza kuwa na ladha ya karatasi iliyolowa. Mimi huunganisha gesi ya kaboni dioksidi kwa mgandamizo mdogo sana ili kinachovutwa kiwe gesi hiyo. Kama chombo chako ni cha kioo au plastiki nyembamba, usijaribu kukitia mgandamizo. Bora uzibe vizuri na uhamishe mapema.

Wakati wa kuhamishia bia kwenye kegi, mdomo wa mpira wa kunyonyea ukae juu ya tabaka la mashapo, na lita ya mwisho iache hukohuko. Najua roho inauma, lakini hiyo lita moja inaweza kukuharibia kumi na nane. Hopsi, yaani maua yanayoipa bia uchungu na harufu, zile za kuongezea baadaye ziwekwe ndani ya mfuko wa wavu. Na bia itiwe gesi kutoka mtungini badala ya sukari, kwa sababu sukari ndani ya kegi huanzisha uchachu mwingine na kukuachia tabaka jipya la hamira.

Aina ya hamira nayo ina neno. Nyingi za Kiingereza huzama na kugandamana vizuri. Zile za bia ya ngano ya Kijerumani hubaki zikielea, na bia hiyo imekusudiwa kuwa na ukungu, kama vile mbege isivyotarajiwa kuwa angavu. Usipigane nayo.

Kwa bia unayotaka iangaze kweli, tumia jelatini isiyo na ladha. Nusu kijiko cha chai hadi kijiko kimoja kwa kegi nzima, koroga kwenye kikombe cha maji yenye nyuzi 65 hadi 70, usiyachemshe, kisha mimina kwenye bia ambayo tayari ni baridi. Ubaridi huo ni sharti: ukungu wa protini hujitokeza bia ikipoa, na jelatini haiwezi kukamata kisichojitokeza. Baada ya siku mbili hivi tofauti inaonekana. Asiyetaka kitu cha mnyama anaweza kutia kijiko cha chai cha mwani mwekundu uliokaushwa katika dakika 15 za mwisho za kuchemsha. Nguvu yake ni karagini, ileile inayofanya mwani wa kinamama wa Paje na Jambiani utafutwe na viwanda vya nje. Waingereza nao kwa muda mrefu wamesafisha bia ya mapipa kwa mabondo ya samaki.

Sasa njia ya pili, na hapa nina msimamo: kama una hela ya kununua kifaa kimoja tu, nunua mrija wenye boya. Ni mpira laini uliofungwa kwenye boya la chuma, unaonyonya bia kutoka juu, ambako husafika kwanza. Mashapo yanabaki chini hadi glasi ya mwisho. Wapo wanaokata mrija wa kawaida kwa sentimita 1 au 2. Inasaidia, ila kila kegi itakubakishia bia usiyoifikia. Vichujio vya kuvisha kwenye mrija sivipendi. Huziba katikati ya sherehe, na bia hutoka povu tupu.

Kegi ikishatulia, usiisogeze. Safari fupi tu ndani ya gari hutibua kila kitu, na itabidi uipumzishe siku moja au mbili. Kama unaipeleka kwenye harusi au mahafali, hamisha bia kwanza: toa na umwage glasi zenye tope hadi bia itoke safi, kisha unganisha mpira kutoka tundu la bia la kegi ya kwanza hadi tundu la bia la kegi tupu iliyokwisha kujazwa gesi. Sukuma kwa gesi, ukiachia mgandamizo kidogokidogo upande wa pili. Kaza macho kwenye mpira. Ukiona rangi inageuka, chomoa.

Kegi ikiisha, fungua vali zote mbili, toa mrija na uusugue ndani kwa brashi ndefu. Hamira iliyokaukia kwenye vali haitoki kwa kusuuza tu, na itaingia kwenye bia inayofuata hata kama uliipika vizuri.