Jumia ni rahisi kuliko MercadoLibre kweli?

SWALI: Habari kaka, nimejiwekea dola 600 hivi nataka ninunue hisa za teknolojia kwenye masoko yanayokua. Nimechuja nimebaki na tatu zenye maduka ya mtandaoni: MercadoLibre ya Amerika Kusini, Sea ya Singapore na Jumia ya Afrika. Moyo uko Jumia maana hisa moja ni dola chache ntapata nyingi, alafu ni biashara ya Afrika. Hisa moja ya MercadoLibre inazidi hela yangu yote. Nachaguaje? (Dada, Mwanza)

JIBU: Dada hongera kwanza, kuweka akiba hiyo sio kazi ndogo. Ila hilo la bei tulinyooshe kabla ya yote maana linaumiza watu wengi sana. Wewe uko Mwanza, dagaa unawajua. Huwezi kusema dagaa wa elfu moja ni rahisi kuliko wa elfu hamsini bila kuuliza lile ni fungu na hili ni gunia au vipi. Hisa ndo hivyohivyo, MercadoLibre ina hisa kama milioni 50 tu, Jumia inazo zaidi ya milioni 100, Sea inakaribia milioni 600. Zidisha bei kwa idadi ya hisa zote upate thamani ya kampuni nzima, alafu linganisha na keshi inayoingiza. Na mabroka (madalali wa hisa) wengi wa nje sikuhizi wanauza hata kipande cha hisa, kwahiyo dola 600 haikufungii mlango.

Sasa Jumia. Iliingia soko la hisa New York Aprili 2019 kwa dola 14.50, Novemba mwaka huohuo ikafunga Tanzania, mwisho wa 2023 ikaacha biashara ya chakula, mwisho wa 2024 ikatoka Afrika Kusini na Tunisia. Kupunguza nchi sio dhambi, wanajaribu kupunguza hasara na naombea wafanikiwe. Shida ni hela ya kuziba hilo pengo imetoka wapi: waliuza hisa mpya 2020, wakauza 2021, wakauza tena 2024, na kila wakiuza sehemu yako kwenye kampuni inapungua na wewe hujauza kitu. Afrika inaweza kukua vizuri kabisa na mwenye hisa asione chochote, hapo ndo nataka uangalie kuliko bei.

Sea nao walikuwa wanachoma hela, duka lao la mtandaoni Shopee lilikuwa linabebwa na hela za michezo yao ya simu. Februari 2022 India ikapiga marufuku mchezo wao wa Free Fire, hisa iliyopita dola 350 mwaka 2021 ikaporomoka mpaka kama 40 mwisho wa 2022, ndo wakafunga nchi kadhaa, wakapunguza wafanyakazi, na 2023 wakapata faida ya mwaka mzima kwa mara ya kwanza. Naheshimu sana hicho walichofanya.

MercadoLibre ilianzia Argentina 1999, 2024 mapato yalizidi dola bilioni 20 na faida karibu bilioni 1.9. Lakini usiione kama duka tu, kupitia Mercado Pago, huduma yao ya malipo na fedha, wanakopesha watu, kwahiyo isome kama unavyosoma benki, uliza mikopo chechefu, yaani ile isiyolipwa kwa wakati. Kwenye ripoti zao wanatenganisha waliochelewa siku 15 mpaka 90 na waliopita 90, hilo kundi la kwanza likivimba robo mwaka mbili mfululizo mimi naanza kuogopa. Na sarafu pia, Desemba 2023 Argentina ilishusha peso kwa zaidi ya nusu kwa mpigo mmoja, kinachowaokoa ni kwamba soko lao kubwa ni Brazil.

Ingekuwa hela yangu ningeweka 350 MercadoLibre, 200 Sea, na 50 Jumia kama moyo umekataa kabisa kuiacha, tena ningenunua kidogokidogo kwa miezi sita sio siku moja. Kabla hujabonyeza fungua ripoti ya mwaka ya kila moja, nenda ukurasa wa mtiririko wa fedha, tafuta mstari wa keshi iliyotoka kwenye shughuli zenyewe na mstari wa hela ya kuuza hisa mpya. Anza na ripoti ya Jumia.