Safari ya Dar–Iringa na watoto: simameni kabla ya kubanwa

Watu wakipanga kwenda Iringa na familia kwa gari dogo, hesabu zote huwa za mafuta na saa ya kuondoka. Pa kusimama wanaliachia tumbo: njaa ikiuma, tutasimama. Kwa njia ya karibu kilomita 500, na nyuma mmebeba watoto na bibi yao, mimi na baba watoto tulishaachana na mtindo huo. Vituo vyetu tunavipanga jana yake, pamoja na mabegi.

Njia hii ina kipande kimoja kinachoamua mengine yote. Ukishatoka Morogoro na kuipita Doma, unaingia Hifadhi ya Mikumi, na lami inakatiza humo kwa takriban kilomita 50. Humo ndani hakuna kuchimba dawa porini wala kushuka kunyoosha miguu, hata kama mnaowaona ni swala tu. Na huwezi kukanyaga mafuta ili mtoto awahi choo, maana kuna matuta, na ukigonga mnyama kuna faini. Kwa hiyo kituo kikubwa kiwe Morogoro mjini, hata kama hakuna aliyeomba kusimama. Mtoto wa miaka mitano akikuambia habanwi, mpeleke chooni hivyo hivyo. Mama mkwe naye hatasema. Wazee wetu wengi huona aibu kusimamisha gari kwa ajili yao, na wengine huacha kabisa kunywa maji njiani ili wasisumbue. Mkisimama wote na kushuka wote, anashuka bila kulazimika kuomba. Mpe mkono mzunguke gari kidogo, maana miguu ya mtu mzima ikikaa kitako muda mrefu inavimba.

Chalinze mimi huwa naipita. Ni kama kilomita 100 tu kutoka Dar, na njia ya Moshi na Tanga inachepukia hapo, kwa hiyo vurugu zake si za kupumzikia. Labda kama foleni ya Kibaha imewala sana.

Kuhusu hoteli za njiani, angalia kwanza mabasi. Mengi yakiwa yameegeshwa, makondakta wanapiga kelele za dakika kumi, foleni ya choo imefika nje na chipsi zinatolewa mbichimbichi, endesha mbele kidogo au subiri yaondoke. Dakika chache baadaye pahali palepale panakuwa patulivu, na mhudumu ana muda wa kukupashia chakula. Hatari kubwa zaidi, kwa macho yangu, ni uwanja wenyewe wa maegesho. Basi likirudi nyuma dereva hamwoni mtoto, na mtoto akishuka kwenye gari alilokaa saa tatu anakimbia tu. Kwetu mlango wa nyuma haufunguliwi mpaka mtu mzima awe amesimama nje kushika mikono.

Kwenye pochi weka chenji za mia mbili na mia tano kwa ajili ya choo, toilet pepa yenu, na chupa ya maji ya kutawadhia, kwani bomba likikauka hakuna wa kumlaumu. Ndala za watoto ziwe juu ya mizigo, siyo chini yake.

Chakula cha dereva ni suala jingine. Wali na nyama sahani nzima saa saba mchana, kisha jua la bonde la Ruaha mbele ya kioo: macho lazima yawe mazito. Anayeendesha ale kidogo, atakula vizuri akifika. Akianza kupiga miayo, kahawa peke yake haitoshi. Alaze kiti dakika 15 au 20, na nyinyi mchukueni watoto mkakae kivulini. Najua kinachozuia: vibao vya 50 vijijini vimeshawachelewesha, na mtu anataka kufidia. Fidia hiyo isitoke kwenye usingizi wa dereva.

Ruaha Mbuyuni ndiyo kituo chetu cha mwisho, kwa sababu mbele yake kuna mlima Kitonga. Hapo tunaangalia matairi, na boneti inafunguliwa ipoe. Rejeta ikiwa ya moto usiguse kifuniko chake, hata fundi wa kijiweni akikuhimiza. Mlimani mtapanda nyuma ya malori kwa gia ndogo, bila papara za kuovateki kwenye kona. Nyani wakikaa pembeni wakiwatazama, vioo juu, na ndizi za watoto zisitoke dirishani.

Wauza vitunguu watawazunguka hapo Ruaha Mbuyuni kabla hata hamjazima gari. Ni vitunguu vizuri, lakini nunueni wakati wa kurudi. Ndani ya gari lenye joto harufu yake inamchefua mtoto anayetapika safarini, na isitoshe huko juu Ilula navyo vinalimwa.