Siku ya kuzaliwa ya mama watoto, bila ukumbi

Kaka, umeuliza ufanye nini siku ya kuzaliwa ya mkeo, hela ya ukumbi huna na unataka familia ikumbuke nyakati zake nzuri. Ukumbi achana nao. Nenda Kibirizi, mwalo wa samaki pale Kigoma, asubuhi boti zikirudi, chukua migebuka, wale samaki wa Ziwa Tanganyika, iungwe kwa mawese, na ugali wa muhogo. Upike wewe, yeye akae.

Mkishakula, kila mtoto asimulie tukio moja analolipenda la mama yake. Waambie siku mbili kabla. Ukiwashtukiza watasema "nampenda mama", basi. Mdogo asiyejua kusimulia achore.

Wewe usianze na harusi, hiyo kila mume anaisimulia. Tafuta kitu kidogo alichofanya yeye. Kama mliwahi kupanda treni ya Dar, pengine ni pale aliposhuka Tabora kununua asali, honi ikalia, nyinyi roho juu dirishani. Watoto watacheka mpaka walie.

Ugomvi wa zamani usiguswe hata kwa utani. Mama mkwe akiwepo, mpe nafasi ya mwisho, ana ya utotoni ambayo hujawahi kuisikia. Na simu moja irekodi sauti, picha mnazo tele.