Kabla Hujabonyeza "Mhamiaji"

Wadogo zangu wa fildi, jana usiku nilipitia madodoso ya Eastleigh, mtaa wa Nairobi wenye Wasomali wengi, mpaka chai ikanipoa. Karibu kila moja lina alama ya "mhamiaji" kwenye swali la tano, mwenyeji au mhamiaji, na swali la sita, alikozaliwa, liko wazi. Mlijuaje? Kwa buibui?

1. Swali la tano huulizwa, halikisiwi. Kosa hili nalijua kwa kuwa ni langu. Mwaka wangu wa kwanza tulitumwa kwenye maduka ya nguo kupima kama wageni wanawapokonya wenyeji kazi au wanawaongezea. Nikisikia Kisomali tu, nabonyeza, naruka mbele. Tulikuwa tukilipwa kwa dodoso. Siku ya nne mama mmoja muuza madira akaona kidole changu. Hakugomba. Alisogeza kikombe cha shaa, chai ya Kisomali, akatoa kitambulisho, akakiweka kaunta kinielekee. "Soma, mwanangu." Wilaya ya kuzaliwa: Wajir, humu humu Kenya. "Na baba yangu kazaliwa huko huko. Sasa mimi nimehamia kutoka nchi gani?"

Nikaomba radhi, nikafuta lake. Yale mengine sitini na mawili sikuyagusa. Kodi ya nyumba ilikuwa imefika. Simu za uhakiki zilipopigwa, zaidi ya nusu ya "wahamiaji" wangu walikuwa Wakenya. Mitaji yao, ushuru wao, vibarua wao, vyote nilikuwa nimevihesabia wageni, na wakimbizi wenyewe wanaochuuza soksi barabarani wakaonekana matajiri. Jedwali zima likatupwa. Mimi nilibakizwa kwa huruma tu.

2. Mkitaja Mariel, ile bandari ya Kuba inayotajwa kila wachumi wakibishana juu ya wahamiaji na mishahara, tajeni yote. Mwaka 1980 Wakuba wapatao 125,000 walivuka kutoka hapo kwenda Marekani, nguvukazi ya Miami ikapanda kama asilimia 7. Mchumi David Card mwaka 1990 akaona mishahara ya wenye ujuzi mdogo haikutikisika. Baadaye mchumi mwenzake George Borjas akabakiza kwenye hesabu wanaume wasiomaliza sekondari, wasio wa asili ya Kilatini, akaona mishahara yao imeporomoka. Wachumi wengine wakamjibu kwamba kundi lake ni dogo mno. Mnaona ugomvi uko wapi? Nani ahesabiwe kundi gani: swali la tano!

3. Kakuma, kambi ya wakimbizi kule Turkana, iacheni Kakuma. Zile shilingi bilioni 5.8 kwa mwaka ambazo IFC, tawi la Benki ya Dunia, ilizikadiria 2018 ni za soko la kambi na mji wake, ambako wakimbizi walikuwa wakinunua unga kwa Bamba Chakula, vocha ya msaada inayotumwa kwa simu. Nionyesheni Bamba Chakula Eastleigh.

4. Ulizeni kodi ya nyumba, si mshahara tu. Wageni wakijaa, mwenye ploti anacheka na mpangaji analia, na wote wawili ni wenyeji.

5. Jina liulizwe mwisho, au lisiulizwe. Anayekumbuka msako wa polisi wa Aprili 2014, watu wakibebwa na malori hadi uwanja wa Kasarani, akiona beji shingoni na tableti mkononi anateremsha shata. Mimi nimeteremshiwa nikiwa bado ndani.

Madodoso ya jana yarudi dukani kesho. Kwa yule mama wa madira naenda mwenyewe. Bado ananiita "mgeni".