Usijaribu toleo la kila usiku juu ya barua zako halisi

Ndugu mleta uzi, usisakinishe chochote usiku wa leo. Umeuliza uanze na mradi gani wa programu huria, kama mjaribu wa kujitolea ni lazima ajue kuandika msimbo, ripoti ya hitilafu huandikwaje, na kama kazi hii itakufaa utakapotafuta ajira. Hayo yote yanaweza kusubiri. Kilichonishtua ni ile sentensi uliyoipitisha haraka, kwamba umeshauriwa uondoe programu yako ya barua pepe na kuweka toleo la majaribio linalotengenezwa kila usiku, katika kompyuta ileile yenye tasnifu yako na mawasiliano yako yote na msimamizi wako.

Ushauri huo nami nilipewa, karibu neno kwa neno, na mtu ambaye kila mgeni katika mradi niliojitolea alielekezwa kwake. Alisema kwamba mjaribu wa kweli hulitumia toleo jipya kwa kazi zake halisi, na kwamba anayejaribu pembeni anapoteza muda wa watu. Nilimwamini, kwa sababu hoja yenyewe ina chembe ya ukweli: matumizi ya kila siku hufichua hitilafu ambazo hakuna orodha ya majaribio ingezifikia.

Jambo ambalo hakulisema ni hili. Toleo jipya linapofunguliwa kwa mara ya kwanza, mara nyingi hubadilisha muundo wa hifadhidata yako, yaani mahali programu inapoweka barua zako, papo hapo, wala halikuulizi, na toleo la zamani halina namna ya kuusoma muundo ambao halikuwahi kuujua. Kwa hiyo ile kauli kwamba likileta shida utarudi tu kwenye toleo thabiti haina msingi. Mimi niliamka nikakuta folda zangu zinaonekana tupu. Nikaliondoa toleo la majaribio, nikarudisha lile thabiti, nalo likakataa kufungua hifadhidata. Nikageukia simu, nikiamini kwamba barua zote zimo kwenye seva, na huko nako hazikuwepo, kwa kuwa programu ilikuwa imekwisha kuiarifu seva kwamba jumbe zile zimefutwa, na seva ikatii. Kusawazisha vifaa si kuwa na nakala rudufu. Uharibifu nao husawazishwa, tena kwa kasi ileile. Mawasiliano ya miaka mingi, pamoja na viambatisho ambavyo waliovituma hawakuwa navyo tena, yalipotea moja kwa moja.

Nilijifariji kwamba angalau ripoti yangu ingewaokoa wengine. Haikumwokoa mtu. Watengenezaji waliniuliza hatua za kulirudia tatizo, nami sikuwa nazo, kwa sababu folda zangu zilikuwa zimepitia matoleo mengi na programu jalizi nyingi hata haikujulikana kilichosababisha nini. Wakaomba faili la folda iliyoharibika. Ningelitoaje, ilhali lilikuwa na barua za watu wengine? Mifumo ya kupokea ripoti za hitilafu katika miradi mingi huwa wazi kwa umma, na yeyote anaweza kukipakua unachokiambatisha mara tu unapokituma, hivyo kukifuta baadaye hakusaidii sana. Ripoti ikafungwa kwa maelezo kwamba tatizo halikuweza kurudiwa. Walikuwa na haki ya kuifunga.

Yule aliyenishauri, nilipomweleza, alijibu kwamba yeye ana kompyuta ya pekee kwa majaribio na nakala rudufu ya kila usiku, na kwamba hilo ni jambo linaloeleweka. Halieleweki! Mgeni hawezi kulijua asipoambiwa, na anayewapokea wageni kisha akaficha nusu ya ushauri anawadhuru wao na anaudhuru mradi. Ndiyo maana nimekasirika kuuona ushauri huo ukirudi kwako.

Kwa hiyo shika kanuni hii kabla ya nyingine yoyote: jaribu kwa data ambayo uko tayari kuipoteza na pia uko tayari kuionyesha hadharani. Sharti la kwanza linakulinda wewe. La pili ndilo linaloifanya ripoti yako iwe na thamani. Miradi yenyewe imekwisha kulitambua tatizo hili. Tangu kivinjari cha Firefox 67 cha Mei 2019, kila toleo lililosakinishwa hutumia wasifu wake, yaani folda ya mipangilio na data ya mtumiaji, na toleo la zamani huzuiwa kufungua wasifu uliokwisha kuguswa na toleo jipya. Matoleo ya LibreOffice, programu za ofisi, yanayotengenezwa kila siku hukaa kando ya lile thabiti bila kuligusa. Mfumo endeshi wa Debian hauungi mkono kurudisha mfumo mzima kwenye toleo la nyuma, kwa hiyo anayetaka kujaribu sid, toleo lake lisilo thabiti, aliweke ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta yako, kwa mfano kwa VirtualBox, na ahifadhi hali ya mashine hiyo kabla ya kila sasisho.

Katika barua pepe, fungua akaunti mpya isiyo na uhusiano wowote na maisha yako. Ijaze jumbe za kubuni: vichwa virefu kupita kiasi, majina yenye herufi za Kiarabu na Kichina, viambatisho vikubwa, folda ndani ya folda. Utapata vurugu inayokaribia ya matumizi halisi, na hitilafu ikitokea utaweza kuiambatisha folda nzima bila hofu.

Kuhusu msimbo, hapana, si lazima. Kuna chombo cha Mozilla, watengenezaji wa Firefox, kiitwacho mozregression ambacho hupakua matoleo ya nyuma ya programu na kukuuliza tu kama kila moja ni zima au bovu, kikigawa kipindi nusu kwa nusu. Matoleo 64 huchujwa kwa majaribio 6 hivi. Mtu asiyejua msimbo anaweza kumwonyesha mtengenezaji ni siku gani kasoro iliingia. Tazama pia kwamba chombo hicho, usipokiamuru vingine, huanza na wasifu mpya mtupu kila mara.

Leo basi, funga programu yako, nakili folda yake yote kwenye diski ya nje pamoja na tasnifu, ichomoe diski, kisha uifungue nakala hiyo katika kompyuta nyingine uhakikishe kwamba barua zinasomeka. Zikisomeka, tengeneza mashine pepe na akaunti ya majaribio. Hitilafu ya kwanza utakayoipata humo, iandike hapa kwanza: namba kamili ya toleo, hatua ulizofuata, ulichotarajia na kilichotokea. Nitaipitia pamoja nawe kabla hujaituma.